Kiti cha kartoni kwa mtoto asiyeweza kukaa peke yake: mwongozo kamili

Jumamosi iliyopita, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, walinifikia mama watatu na viti vitatu. Mmoja alitoka Cimpunda, mwingine Bagira, wa tatu alikuja kwa pikipiki kutoka Panzi akiwa amekipakata kiti chake. Vyote vilikuwa vya kartoni, vimetengenezwa kwa maelezo mafupi niliyoyatoa mwaka jana. Cha kwanza kilikuwa kimelainika kama mkate uliolowa chai. Cha pili kilikuwa kigumu kama ubao, lakini mtoto aliserereka mpaka makalio yakafika ukingoni na kidevu kikaganda kifuani. Cha tatu kilikuwa kizuri hasa, kimefunikwa vizuri, ila mtoto aliwekwa humo asubuhi na kutolewa mchana.

Makosa hayo matatu nimekutana nayo mara nyingi: gundi isiyokauka, kiuno kisichoshikwa, na saa nyingi mno. Mara ya kwanza niliandika vipimo bila kueleza sababu zake, na mtu asiyejua sababu hubadilisha kipimo pale kartoni inapopungua. Sasa naeleza yote. Soma hadi mwisho kabla ya kushika kisu.

## Kwanza, hakikisha kiti hiki ni cha mtoto wako

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Ghana ikiwemo, na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Watoto hao walianza kukaa bila kushikwa kati ya miezi 4 na 9 hivi, na kutembea peke yao kati ya miezi 8 na karibu 18. Wachache hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, wakatembea tu.

Kwa hiyo mtoto wa miezi 7 asiyekaa bado hana haja ya kiti. Mtoto aliyepita miezi 9 bila kukaa anahitaji kuonwa na daktari, hata kama koko, yaani bibi, nyumbani anasema baba yake naye alichelewa. Usingoje afike mwaka.

Wengi wa watoto ninaowatengenezea wana utindio wa ubongo, ule unaoandikwa IMC, kwa Kifaransa, kwenye fishi ya hospitali. Ubongo uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza: kukosa hewa wakati wa uchungu mrefu, umanjano mkali wa kichanga, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Si laana, na mama hakukosea kitu.

Watoto hao hawafanani. Wataalamu hutumia ngazi 5 za uwezo wa kukaa na kutembea, zilizotengenezwa Kanada mwaka 1997. Wa ngazi ya 1 na 2 hutembea wenyewe, na kiti cha kumshikilia kitawarudisha nyuma. Kiti hiki ni cha wa ngazi ya 4 na 5, na mara nyingine wa ngazi ya 3: wale ambao ukiwaketisha chini na kuwaachia, huanguka.

Usitengeneze kiti, peleka mtoto hospitali kwanza, ukiona moja ya haya:

- Alikuwa anatembea au kukaa, kisha ameacha. Ikiwa ni ghafla, nenda siku hiyohiyo. Polio bado ipo Kongo. Konzo, ugonjwa wa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, nao hulemaza miguu ghafla.
- Kuna nundu inayotokeza katikati ya mgongo. Inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa.
- Analia ukipanua miguu yake kumbadilisha nguo, au mguu mmoja unaonekana mfupi. Kati ya watoto watatu wenye utindio wa ubongo, mmoja hivi hupata nyonga inayotoka mahali pake.
- Ana degedege, au kifafa ambacho hajapewa dawa.

Kama kuna kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, unayeweza kumfikia, mwonyeshe mtoto kabla ya kupima. Kwa Bukavu, Kituo cha Heri Kwetu kinawajua watoto hawa. Kwa Goma, kuna Shirika la Umoja.

Na kwa nini kartoni? Kwa sababu vichochoro vya Kadutu ni ngazi za udongo. Kiti cha magurudumu hapo hubaki kimeegemea ukuta, wakati kiti cha kartoni mama hukibeba kwa mkono mmoja, mtoto akiwa mgongoni. Tena kinakatwa kwa kipimo cha mtoto mmoja tu, jambo ambalo viti vingi vya msaada havina.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Gundi iliyopikwa haingoji mtu arudi sokoni Nyamugo kununua kisu.

- Kartoni ngumu zenye mifereji ndani, 12 hadi 15 kubwa. Za sabuni na za mafuta ya kupikia ni nzuri, mradi mafuta hayakumwagika. Gundi haishiki penye mafuta.
- Unga wa muhogo, kilo 1 na kidogo zaidi. Chukua ule ambao hamtaula, uliomwagika chini kwa mfano, lakini usiwe na uvundo.
- Karatasi ya ndani ya mfuko wa simenti. Pangusa vumbi lote kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kwani simenti huunguza ngozi.
- Karatasi nyepesi, kama magazeti au daftari za zamani.
- Kisu kikali, msumari mrefu, metre ya mshona nguo, kalamu, ubao ulionyooka wa kuchorea mistari.
- Vijiti vya mianzi au vya mti mgumu, unene wa penseli, urefu wa sentimita 8.
- Sponji ya godoro la zamani na kitambaa cha plastiki cha mezani.
- Ukanda wa pamba wa upana wa vidole vitatu. Kitenge kilichokunjwa mara 4 na kushonwa kinatosha.
- Mawe au matofali ya kukandamizia.

Ukanda usiwe wa mpira wa tairi. Mpira huvutika, mtoto anayejikakamua huusukuma, na kiuno kinaondoka.

## Hatua ya 1: Pima mtoto akiwa ameketi

Hapa ndipo viti vingi hufia, kabla hata gundi haijapikwa. Watu hupima mtoto akiwa amelala kitandani, miguu imenyooka, au huchukua kipimo cha mtoto wa jirani wa umri uleule. Mtoto wa miaka 4 mwenye utindio wa ubongo anaweza kuwa na mapaja ya mtoto wa miaka 2.

Mketishe juu ya benchi fupi au kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mtu wa kwanza amshike kutoka nyuma, wa pili apime, wa tatu aandike. Viungo vitatu viwe na kona kama ya kitabu: penye nyonga, penye magoti, penye vifundo vya miguu. Kama viungo havifiki kwenye kona hiyo, usilazimishe. Andika vinapofika na umuulize kine.

Pima haya:

1. Kina cha kiti: kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa vidole viwili. Kiti kikiwa kirefu, ukingo husukuma nyuma ya magoti na mtoto huserereka mbele ili kuukwepa. Hilo ndilo lililomponza mtoto wa kiti cha pili. Alipotezwa na sentimita 4 tu.
2. Upana: kiuno penye upana zaidi, ongeza kidole kimoja kila upande. Watu hupanua wakisema "atakua." Akikaa kwenye kiti kipana huegemea upande mmoja, na mgongo unapinda polepole.
3. Urefu wa mguu: kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, na viatu kama anavaa. Ndio urefu kutoka kiti hadi ubao wa kukanyagia.
4. Urefu wa mgongo: anayeshika kichwa vizuri, pima kutoka kiti hadi juu ya bega. Asiyeshika kichwa, pima hadi utosini.
5. Kiwiko: mkono umekunjwa, kutoka kiti hadi chini ya kiwiko, ongeza vidole viwili. Ndio urefu wa meza.
6. Kwapa: kutoka kiti hadi kwapani, toa vidole vitatu. Mbavu zake hushikwa chini ya hapo, la sivyo mtoto atakuwa ananing'inia kwa makwapa.

Pima mara mbili. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya sentimita 1, pima mara ya tatu.

Umefaulu ikiwa: una namba sita kwenye karatasi, na mtu mwingine akipima anapata zilezile.

## Hatua ya 2: Pika gundi

Koroga kikombe 1 cha unga katika kikombe 1 cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha vikombe 4 vya maji, kisha mimina mchanganyiko huo polepole huku ukikoroga bila kuacha. Ndani ya dakika chache weupe utaondoka na uji utang'aa.

Uwe mwepesi kuliko uji wa mtoto. Ukiwa mzito kama bugali, hubaki mabonge kati ya kartoni na hukauka juu tu. Ukiwa maji matupu, unalowesha kartoni hadi mifereji inabonyea.

Pika ya kutosha siku moja. Kesho itanuka, na gundi iliyochacha haishiki.

## Hatua ya 3: Tengeneza mbao za kartoni

Kartoni moja haina nguvu. Nguvu inatokana na mifereji inayopishana. Angalia ukingo wa kartoni utaona vijitundu vya mawimbi. Tabaka la kwanza mifereji isimame, la pili ilale, la tatu isimame. Ukiipanga yote upande mmoja, ubao utakunjika kama daftari, hata ukiweka tabaka 10.

Mbao za kiti zinahitaji tabaka 6 hadi 8, unene wa vidole viwili. Usizigandishe zote kwa siku moja. Hili ndilo lililoua kiti cha Cimpunda, na ndilo kosa ninalolikuta zaidi ya yote, hasa kuanzia Septemba mvua zinaporudi.

Fanya hivi:

1. Gandisha tabaka 3 tu. Paka gundi nyembamba pande zote mbili zinazokutana, sugua kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke.
2. Weka chini ya ubao na mawe usiku mmoja. Uzito hunyoosha, lakini pia huzuia unyevu kutoka, kwa hiyo usiuache zaidi ya hapo.
3. Asubuhi, simamisha ubao kwa ukingo, upepo upite pande zote. Ugeuze mara mbili kwa siku. Jua la kiangazi hukausha kwa siku 3 au 4. Wakati wa mvua hesabu wiki nzima, mara nyingine zaidi, chini ya mabati na mbali na ukuta.
4. Zikishakauka mbao mbili za tabaka 3, ndipo uzigandishe pamoja na kurudia.

Najua mtu anachoka kungoja. Baba mmoja aliweka mbao zake juu ya mbabula, jiko la makaa, ili ziwahi. Nje zilikauka kabisa, ndani zikabaki na maji, na baada ya wiki mbili kiti kikaota ukungu mweusi. Mbali na hilo, kartoni iliyokauka nje ikiwa juu ya makaa ni moto unaongoja nyumba ya mbao.

Jaribio la ukavu: weka ubao shavuni. Ukihisi ubaridi, bado kuna maji ndani. Kisha ugonge kwa kidole kilichokunjwa. Ubao mkavu hulia *ko-ko-ko*. Ubao mbichi husema *pu, pu*.

Umefaulu ikiwa: ubao hauna baridi, unalia, na ukiulaza kati ya matofali mawili ukaukanyaga kwa mguu mmoja hauinami.

## Hatua ya 4: Kata na unganisha

Unahitaji mbao tano: ya kukalia, ya mgongo, mbili za ubavuni na ya kukanyagia. Ya sita, ya meza, inaweza kuwa nyembamba, tabaka 4.

Mbao za ubavuni ndizo miguu ya kiti. Zishuke hadi chini, zipande hadi kipimo cha kiwiko, na zipite nyuma ya mgongo kwa sentimita 15. Mtoto anayejikakamua hurusha kichwa nyuma kwa nguvu ambayo mgeni haiamini. Bila mkia huo wa nyuma, kiti kizima hupinduka naye.

Ubao wa kukalia usiwe tambarare kabisa. Ukingo wa mbele uwe juu kuliko wa nyuma kwa sentimita 2. Mteremko huo mdogo hurudisha makalio nyuma kila yanapotaka kuserereka.

Kwa kuunganisha, toboa kwa msumari kutoka ubavuni hadi ndani ya ukingo wa ubao wa kukalia, kila sentimita 10. Chovya kijiti kwenye gundi, kisukume ndani, kata kinachobaki nje. Halafu funga kila kona, ndani na nje, kwa vipande vya karatasi ya simenti vilivyokunjwa katikati, tabaka 5 kila kona. Watu huona kona hizo ni urembo wakaziruka. Kumbe vijiti huzuia mbao zisiachane tu. Kinachozuia kiti kisiyumbe ni kona.

Asiyeshika kichwa anahitaji kulazwa nyuma kidogo. Laza kiti kizima, kwa kuweka kipande cha kartoni ngumu chini ya miguu ya mbele. Usiulaze ubao wa mgongo peke yake, maana kona ya nyonga ikifunguka mtoto hujinyoosha kama mti na kuserereka.

Umefaulu ikiwa: kona ya kitabu inaingia sawasawa kati ya kiti na ubavu, na kiti hakichezi kikiwa sakafuni.

## Hatua ya 5: Funika

Ziba kingo zote kwa vipande vya karatasi nyepesi vyenye gundi, kisha funika kiti chote kwa tabaka 2 au 3. Acha kikauke tena, kwa jaribio lilelile la shavu. Mende na panya hupenda unga. Wasipoona ukingo ulio wazi hawaingii.

Sikushauri rangi ya mafuta. Baadhi ya rangi zina madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo, nasi tunamtengenezea mtoto ambaye ubongo wake umeumia tayari na ambaye hulamba kila kilicho mbele yake. Tumia kitambaa cha plastiki cha mezani, kishone au kikunjie chini ya mbao. Kinapanguswa uji na mkojo.

Weka sponji nyembamba, unene wa kidole, kwenye kiti na mgongo. Sponji nene hummeza mtoto na kuharibu vipimo vyote ulivyohangaikia.

## Hatua ya 6: Jaribu bila mtoto

Mtu mzima wa kilo 60 au 70 aketi, ajitikise mbele, nyuma, pande zote. Kisha asukume mgongo wa kiti kwa nguvu. Kikilia mlio wa kupasuka, tafuta kona iliyoachia, iongeze karatasi, na ungoje ikauke.

Usimjaribie mtoto kiti ambacho wewe mwenyewe unaogopa kukikalia.

## Hatua ya 7: Mketishe, kiuno kwanza

Kiti kizuri na mtoto aliyeketishwa vibaya ni kazi bure. Nilimuuliza mama wa Bagira kwa nini mtoto ana kamba kifuani.

"Mutoto anaserereka," akanijibu, "njo maana nilimufunga kwenye kifua."

"Mama, kifua hakiserereki. Ni kiuno kinatoka, kifua kinakifuata."

Tulifungua kamba ile, tukafunga kiuno, na kichwa cha mtoto kikainuka chenyewe. Mama alinyamaza muda mrefu akimtazama.

Fuata mpangilio huu, bila kuruka:

1. Mkunje kabla ya kumweka. Mbebe miguu imepanuliwa na magoti yamekunjwa, kama anavyokaa mgongoni kwenye kitenge. Mkao huo wa mgongoni, tuliourithi kwa mama zetu, ni mzuri kwa nyonga. Mtoto anayejinyoosha hawezi kuketishwa akiwa amenyooka. Ukimlazimisha, anakakamaa zaidi.
2. Sukuma makalio hadi yaguse mgongo wa kiti. Weka mkono juu ya magoti na usukume taratibu kurudi nyuma.
3. Funga ukanda. Upite kwenye mkunjo wa paja na tumbo, ushuke kwa mshazari kuelekea nyuma chini ya kiti. Ukipita tumboni unabana chakula na hauzuii kitu. Vidole viwili viingie chini yake, visiingie vinne. Usifunge kitu chochote shingoni, wala kamba nyembamba kifuani. Mtoto akiserereka, kamba hiyo hupanda kooni.
4. Miguu ikanyage. Nyayo zote mbili ziguse ubao. Miguu inayoning'inia huvuta mwili mzima.
5. Tenganisha magoti. Kama yanavukana, weka kipande cha sponji kilichofunikwa katikati ya magoti. Kikae penye magoti, mbali na sehemu za siri. Kazi yake ni kupanua, si kumzuia asitoke.
6. Mbavu. Akiinama upande, jaza sponji ngumu pande zote mbili, chini ya kwapa.
7. Meza, kisha kichwa. Kichwa kiangaliwe mwisho. Mara nyingi kinakuwa kimejinyoosha kabla hujakifikia.

Umefaulu ikiwa: ukisimama mbele yake, mabega yako sawa, magoti yako sawa, macho yanakutazama, na mikono iko mezani. Ukirudi baada ya dakika 10, makalio bado yanagusa nyuma.

Ukimtoa, mvue nguo uangalie ngozi: makalio, mgongo, nyuma ya magoti. Alama nyekundu iondoke ndani ya nusu saa. Isipoondoka, kuna mahali panabana. Usimrudishe kabla hujapatafuta.

## Hatua ya 8: Mpe mikono yake kazi

Kiti kipo ili mikono iachiliwe. Mtoto anayetumia nguvu zake zote kujizuia asianguke hana mkono wa kushika kijiko.

Mwaka 2013, na tena mwaka 2020, Iona Novak na wenzake wa Australia walipitia tafiti nyingi za matibabu ya watoto hawa. Mtoto kunyooshwa viungo na mtu mwingine huku yeye amelala hakumletei uwezo mpya. Kinachosaidia ni yeye mwenyewe kujaribu jambo halisi analolitaka, nyumbani, mara nyingi, kila siku. Mimi nililipa miezi mingi ya kunyooshwa viungo kwa mtoto wa dada yangu kabla sijalielewa hilo, na bado linaniuma.

Chagueni jambo moja, dogo, na lenye maana kwake: ashike mfuniko wa sufuria augonge, apeleke kijiko kinywani, asukume mpira wa mifuko hadi kwa kaka yake. Liweke mezani, msaidie kidogo iwezekanavyo, kisha ngoja. Hesabu hadi 10 moyoni. Wengi wetu hungoja hadi 3, tukamfanyia. Maharage na vifuniko vya chupa vinafurahisha, lakini visiwe mezani kama anaweka vitu mdomoni.

Siku za kwanza dakika 10 zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Ongeza hadi 20, kisha nusu saa. Asikae zaidi ya saa 1 bila kubadilishwa mkao, hata akiwa ametulia kabisa. Kutulia kunaweza kuwa ni kuchoka. Muda unaobaki alale kifudifudi mkekani, abebwe, alazwe ubavu, asimamishwe akiegemea magoti yako kama kine ameruhusu. Kaka na dada zake wacheze naye sakafuni. Mtoto wa Panzi hakuwa na kiti kibaya. Alikosa tu mtu wa kumtoa.

Umefaulu ikiwa: baada ya mwezi kuna jambo moja analolifanya kwa msaada mdogo kuliko mwanzo.

## Hatua ya 9: Kulisha kitini

Mwili uwe wima na kidevu kishuke kidogo. Wewe keti chini yake au usawa wake, kijiko kitoke mbele. Ukisimama na kumlisha kutoka juu, anainua kichwa nyuma, na uji huingia kwenye njia ya hewa.

Uji mzito ni salama kuliko maji. Kijiko kidogo, ameze, kisha kingine. Usimzibe pua ili ameze. Desturi hiyo imewapeleka watoto hospitali na nimonia. Baada ya chakula abaki wima nusu saa. Akikohoa kila mlo, au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, mpeleke kwa daktari.

## Hatua ya 10: Pima tena

Andika tarehe na vipimo sita chini ya ubao wa kukalia. Baada ya kila miezi 3, pima upya. Nafasi nyuma ya magoti ikifika vidole vinne, kiti kimekuwa kifupi. Ubao wa kukanyagia unaweza kushushwa na sponji za pembeni kutolewa, lakini kina na upana vikipungua huna budi kutengeneza kingine.

Kila wiki bonyeza kona zote kwa kidole gumba. Mahali palipolainika pameingia maji: fungua kitambaa, kausha, ongeza karatasi. Usiku kiti kilale juu ya matofali, sio kwenye sakafu ya udongo.

Kiti cha zamani kikiwa bado kinalia *ko-ko-ko*, mpe mama mwingine, pamoja na ile karatasi ya vipimo. Mtoto wake apimwe kwanza. Kama kina cha kiti kinazidi kile cha mtoto huyo, jaza mgongoni kwa ubao mwingine wa kartoni hadi zile nafasi za vidole viwili nyuma ya magoti zipatikane. Kama kiti ni kifupi kwake, asikikalie. Kikate kiwe meza, na mwanze naye kwenye hatua ya 1.